Pembe Kwenye Lori la Chumvi

Wiki jana niliwaachia pale Mzee Mwangangi wa Kikima alipotuma neno kwamba Jumamosi anakuja kwangu na mbuzi. Kama hukusoma, usijali, hakuna raha uliyokosa.

Naitwa Mutie. Boma langu liko Emali, kando kabisa ya barabara ya Mombasa. Mke wangu Mbinya alikufa mwaka wa themanini na tano, saa nne asubuhi, ndani ya pikapu ya jirani iliyokuwa impeleke hospitali. Pikapu haikutoka bomani, kwa sababu lori lilikuwa limepaki mlangoni na dereva wake amelala lodging. Tulipiga honi mpaka betri ikachoka. Hayo niliyaeleza wiki ya kwanza, sitayarudia.

Lodging ni ya Kilonzo, ng'ambo ya barabara. Kilonzo ni naibu wa chifu, lakini ukimwita naibu hageuki, kwa hivyo sote tunamwita Chifu. Ni mzee wa kanisa pia. Miaka miwili nilimwendea kwa habari ya malori, na miaka miwili akanijibu jibu moja: barabara ni ya serikali.

Nilibaki na binti mmoja, Ndinda. Amesoma mpaka Form Four, anashona nguo sokoni. Mchumba wa kwanza alitoroka. Wa pili ni Muthama, mwalimu, mtoto wa huyo Mwangangi. Ndinda alikuwa na miaka ishirini na saba, na kwetu msichana akifika hapo watu huanza kumsalimia kwa sauti ya pole.

Wasomaji ambao si Wakamba wajue jambo moja. Kwetu msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waje kwao. Ni watatu. Hata uwe umeenda kanisani na kupigwa picha na kuzaa watoto sita, bila hao mbuzi wewe bado ni wa babako. Na wakija, wanaingia kwa mlango wa boma, mlango ukiwa wazi, kwa miguu yao wenyewe. Mbuzi wa kuinuliwa juu ya ua ni wa mwizi. Na wakifika mlangoni wakageuzwa, basi. Hawaji mara ya pili kwa msichana huyo.

Sasa sikilizeni.

Ijumaa, saa saba mchana, nilikuwa nafagia mbele ya nyumba nikasikia breki. Lori la chumvi kutoka pwani likapanda kalavati yangu na kusimama mlangoni, ubavu wake umegusa geti. Geti langu ni la miti na linafunguka kwa nje, kwa maana ndani tangi la maji liko karibu. Likawa limebanwa kama limepigwa misumari.

Nikajipenyeza kati ya miti, nikatokea upande wa dereva. Alikuwa mwembamba, amevaa kikoi. Baadaye nilisikia anaitwa Abubakar.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Toa gari."

"Ah! Hata hali hatujajuliana?"

"Hali ni hiyo unaiona. Hapa ni mlangoni kwa mtu."

Akatazama geti, akatazama ndani. "Mlango nauona. Lakini gari silioni humo ndani. Mlango usiotoka gari, mzee wangu, si mlango, ni pambo."

"Kesho nina wageni."

"Kesho mbali. Mie nataka kulala tu, macho haya yamejaa mchanga tangu Mackinnon. Na mwenye lodging mwenyewe kanambia niweke papa hapa. Kasema, 'Weka pale kwa mzee, hapo ni petu.'"

"Petu?"

"Ndivyo alivyosema. Mkagombane nyie wawili, mie si mwenyeji."

Akafunga mlango wa lori, akavuka barabara, huyo, akaenda kulala.

Nikamfuata Chifu. Nilimkuta kwenye kaunta ya lodging anakunywa chai na watu watatu.

"Mutie, umekuja tena."

"Nimekuja tena."

"Ni lori?"

"Ni lori."

"Sasa unataka nifanye nini, nilibebe mgongoni?"

Wale watatu wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akamwaga chai.

"Kesho Ndinda analetewa mbuzi," nikasema. "Mlango haufunguki."

"Nimesikia habari ya hizo mbuzi. Mimi sikualikwa."

"Barabara unaniambia ni ya serikali. Basi mimi naiambia serikali iondoe lori."

"Wewe mtu, serikali gani inaamsha mtu aliyelipa kitanda?" Akafuta mdomo. "Kama una neno na dereva, mwandikie barua. Watu waliostaarabika wanaandikiana barua. Hawaji kusimama kwa kaunta ya mtu na jembe machoni."

Sikuwa na jembe. Lakini nilienda nikaandika barua.

Niliacha shule darasa la tatu, na kuandika kwangu ni kazi ya nusu siku; hata haya ya gazeti nasimulia tu, mwingine anaandika. Karatasi sikuwa nayo. Nikafungua sanduku la bati la marehemu, nikapata karatasi moja iliyopigwa taipu kwa Kizungu upande mmoja, upande wa pili mweupe. Niliikumbuka. Ni ya wakati wa ile njaa ya themanini na nne, tulipogawiwa mahindi ya njano. Njaa iliisha, nikaona karatasi yake nayo imeisha. Nikaandika upande mweupe, nikaikunja mara nne.

Upepo wa Emali unabeba hata mabati. Karatasi ukiichomeka kwenye lori utaipata mji wa pili, Sultan Hamud. Kwa hivyo nilichukua pembe ya mbuzi ya marehemu babangu, aliyokuwa akiwekea ugoro, nikatia barua ndani. Nikaziba mdomo kwa kitambaa chekundu. Nikafunga kwa kamba ya katani, nikaenda kuitundika kwenye kioo cha mlango wa dereva.

Hapa ndipo nataka kusema ukweli, kwa maana gazeti si kanisa. Juu ya kabati, karibu na hiyo pembe, palikuwa na mkebe wa majani chai, mtupu, mzuri, na mfuniko wake. Pasta akiniuliza nitasema sikuwaza lolote, nilichukua kilichokuwa karibu. Lakini mkebe niliuona. Nikauacha pale.

Saa kumi Abubakar akarudi anapiga mswaki. Akafika mlangoni mwa lori. Mswaki ukaanguka.

"Wallahi Wakamba mmeniua!"

Soko lote lilisikia. Alirudi kinyumenyume mpaka katikati ya barabara, basi la Mombasa likampigia breki, akaona afadhali basi. Alirusha ufunguo wa lori chini kana kwamba unamchoma, akarukia mlango wa basi, akaenda zake. Kandambili moja ilibaki kwenye lami.

Dada yangu Kasyoka alikuwa amekuja kunisaidia kupika. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka, umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemwandikia barua."

"Barua gani inakimbiza mtu bila kiatu?"

Wakati huo watu walikuwa wamejaa, na neno lilikuwa limeshawatoka midomoni: kithitu. Ni kile kitu cha kiapo cha wazee wetu, kinafungwa kwenye pembe, na ukidanganya mbele yake au ukikigusa bila haki, wewe na ukoo wako mnakwisha mmoja mmoja. Siku hizi tumeokoka, tunakicheka. Tunakicheka tukiwa mbali.

Chifu akaja na askari wa utawala mmoja. Mzee wa kanisa huyo alisimama hatua ishirini kutoka kwa lori na hakuongeza hata moja.

"Nani ameweka kitu hii?"

Nikafungua mdomo nieleze. Akaniwahi.

"Sikilizeni nyote. Sheria ya uchawi iko, na jela yake iko. Kithitu kinaondolewa na mwenye kukiweka peke yake, hiyo hata mtoto anajua. Kwa hivyo atakayenyoosha mkono kukiondoa, ni yeye. Askari, simama hapa. Mtu akiigusa, pingu."

Nikafunga mdomo.

Mniambie nyinyi mngefanya nini. Nikiiondoa, nimekiri. Nikisema ni barua, nani ataichungulia ahakikishe? Ningelala seli Ijumaa, na Jumamosi mbuzi wangefika boma lisilo na baba. Nikiiacha, hakuna mtu Emali yote wa kuingia ndani ya lori hilo kulisongeza. Nilitaka liondoke, nikalifunga pale kwa mkono wangu.

Chifu aliokota ufunguo kwa leso, akautia mfukoni.

"Na lori?" nikamwuliza.

"Lori linangoja mwenyewe. Ama uko na habari ya kuniambia, Mutie?"

"Sina."

"Basi lala salama."

Sikulala salama wala vibaya. Nilikaa kitini. Kasyoka alikuwa akiongea jikoni na Ndinda akimjibu, na mimi nilisikia sauti bila maneno, kama redio ya jirani.

Jumamosi saa tano Mwangangi akafika. Walikuja kwa pikapu, yeye, Muthama amefunga tai, na wazee wawili. Mbuzi walikuwa watatu kamili, wanene, wa kutoka baridi ya Mbooni, huko kwao Kikima. Walipoteremshwa tu wakakimbilia chini ya lori. Gunia moja lilikuwa limetoboka na chumvi ikimwagika kidogo kidogo. Mbuzi wakaanza kulamba, na hakuna aliyeweza kuwatoa.

Askari alikuwa bado pale. Chifu akavuka barabara, amevaa koti. Watu wakarudi kama jana, na wengine zaidi.

Mwangangi ni mtu mrefu, mpole, hasemi haraka. Akasimama akatazama lori, akatazama pembe, akanitazama mimi kati ya miti ya geti.

"Mutie."

"Naam."

"Wewe uko ndani. Mimi niko nje. Katikati kuna lori, na juu ya lori kuna kitu kinaning'inia. Sasa niambie, nianze kuuliza wapi?"

"Karibu," nikasema. Ni neno la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Nikaribie wapi? Geti halifunguki. Ama unataka nirushe mbuzi juu ya ua kama mwizi?"

"Hapana."

Mzee mmoja wao akamshika mkono. "Mwangangi, twende. Boma limewekwa kithitu mlangoni, wewe unauliza maswali? Twende na mbuzi zetu."

"Ngoja."

"Nangoja nini, nife?"

Muthama akasema, "Baba, tafadhali," na tai yake ikapeperushwa na upepo ikamfunika mdomo.

Mwangangi akanikazia macho. "Nitakuuliza mara moja. Ile kitu ni yako?"

Ndinda alikuwa amesimama karibu nami, amevaa nguo ya samawati aliyojishonea. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mbuzi wakilamba. Nilijua ya kwamba nikisema si yangu, wataenda, kwa sababu kithitu kisicho na mwenyewe ni kibaya kuliko chenye mwenyewe. Nikisema ni yangu, pingu ziko pale zinang'aa.

"Ni yangu," nikasema. "Ni barua."

Mtu mmoja akacheka, kisha wote.

"Barua!" Kasyoka akasema nyuma yangu. "Na stempu umebandika wapi?"

"Amekiri!" Chifu akapaza sauti. "Mmesikia nyote. Askari, mkamate!"

Askari hakusonga. Alikuwa kijana wa Mwingi, na Mwingi wanajua pembe.

"Afande, yuko nyuma ya ile kitu."

"Zunguka!"

"Nizunguke wapi, afande? Hakuna mlango."

Watu wakacheka tena, safari hii wakimcheka Chifu, nikaona shingo yake inavimba. Wakati huo Ndinda alikuwa ameshapita kati ya miti. Alikanyaga ngazi ya lori, akashika kioo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafungua kamba.

Watu wote walirudi nyuma pamoja. Mama mmoja akapiga nduru.

Ndinda akachomoa kitambaa chekundu. Akapiga pembe kwenye kiganja, karatasi ikatoka, na ugoro wa babu yake ukamwingia puani. Akapiga chafya mara tatu. Hakufa. Akafungua barua akaisoma kwa sauti, vile vile nilivyoandika, na makosa yangu yote:

"Kwa ndeleva wa loli ya chumvi. Salamu nyingi. Mimi ndio mwenye mulango. Tafathali ondoa ngali kesho asumbui mbele ya saa tatu. Kuna mbuzi tatu ya msichana wangu inakuja kuingia. Ukiondoa utakula nyama na sisi. Ni mimi Mutie."

Mwangangi alicheka mpaka akavua kofia ajipangusie uso. Mzee wake aliyetaka kukimbia akacheka kuliko wote. Muthama akacheka, Ndinda akacheka, na sikuwa nimemwona Ndinda akicheka tangu pikapu ile ya mamake. Hata askari alicheka, akaficha pingu nyuma.

Mimi nilingoja kucheka kunifikie. Hakukufika.

"Mutie," Mwangangi akasema, "nimezunguka Ukambani yote, sijaona mtu anaalika dereva nyama kwa pembe. Haya, imekwisha. Chifu, naambiwa ufunguo uko kwako. Sogeza lori tuingize mbuzi."

Chifu hakutoa ufunguo. Alikuwa anatazama karatasi mkononi mwa Ndinda, upande ule uliomwelekea yeye. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Lete hiyo karatasi," akasema. "Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?" Ndinda akauliza. "Ni barua tu."

"Lete nimesema. Ni karatasi ya serikali."

Hapo Ndinda akaigeuza. Akasoma kimya. Midomo yake ilikuwa ikisonga, kisha ikasimama.

"Chifu," akasema, "mbona jina lako liko hapa?"

"Msichana, usicheze na mambo ya wakubwa."

"Kuna nini?" Mwangangi akauliza. "Soma tusikie."

Chifu akanyoosha mkono aipokonye. Ndinda akapanda ngazi moja juu. Akasoma akitafsiri polepole, kama anavyosoma tangazo kwa wamama wa soko.

"Mimi Mutie Ndeti, mwenye boma lililo kando ya barabara hapa Emali, nimekubali kwa hiari yangu kwamba mahali pote pa mbele, kutoka barabarani hadi mlangoni pamoja na mlango wenyewe, patumiwe kuegesha magari ya wageni wa Bwana Kilonzo. Patakuwa pake kwa kazi hiyo mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Nimesomewa nikaelewa." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Kisha kuna alama ya kidole."

Hakuna aliyecheka sasa. Mbuzi tu ndio walikuwa wakiendelea kulamba.

"Hiyo ni karatasi ya mahindi," nikasema.

"Si ya mahindi, Baba."

"Ni ya mahindi ya njano. Tulipanga foleni. Chifu alikuwa na meza na wino, kila mtu akaweka kidole akapewa gunia. Mimi niliweka mara mbili. Aliniambia ya kwanza imepotea, akanipa nakala hii niweke kama risiti."

Watu wakamgeukia Chifu. Akarekebisha koti.

"Nilikusomea," akasema.

"Ulinisomea kwa lugha gani?"

"Kama ilivyoandikwa."

"Kwa Kizungu?"

"Uliitikia. Mashahidi wako. Ulisema 'ndiyo, asante, Chifu.' Mimi nikuulize mara ngapi? Kila ukija kulia na lori nilikuwa nakuonea haya, sikutaka kukwambia mbele za watu kwamba mlango uliutoa mwenyewe."

Nilitazama kidole changu. Kilikuwa kidole tu, na uchafu wa jana kwenye kucha. Miaka yote nimelaani wakubwa: Chifu, kaunsela, D.O., mtu wa barabara. Bado nawalaani. Lakini siku ile nilitafuta hasira yangu pale ninapoiweka, na mahali pake palikuwa patupu.

Mwangangi akavaa kofia yake. Alikuwa haongei kwa ubaya. Afadhali angeongea kwa ubaya.

"Mutie, mimi si hakimu. Karatasi ni ya wizi ama si ya wizi, hiyo mtaenda kortini mkaulizane. Lakini nimetoka Kikima na mbuzi wa ntheo, na mbuzi wa ntheo wanaingia kwa mlango wa baba ya msichana. Nikiwapitisha hapa leo, kesho huyu Kilonzo anaweza kusimama aseme mbuzi ziliingia kwake. Ndinda ataitwa ameolewa kutoka kwa nani? Kutoka kwa lodging?"

"Ni kweli," mzee wake akasema.

"Baba, hiyo ni karatasi tu," Muthama akasema.

"Wewe nyamaza. Sijakataa msichana." Akanigeukia. "Nionyeshe mlango wako. Uwe popote. Hata kama utaufungua sasa hivi, mradi ni wako na hakuna kidole cha mtu juu yake. Nitangoja mpaka jua likae pale juu ya mti ule. Likipita, narudi na mbuzi zangu, na unajua maana yake."

Nikajua maana yake.

Nikageuka nikaenda kuchukua panga.

Boma langu lina pande nne. Mbele ni hapo kwa Chifu. Nyuma ni ardhi ya reli, na ya reli huigusi. Kulia ni ukuta wa kituo cha petroli. Kushoto kuna njia ya miguu ya kwenda sokoni, na upande huo ua wangu ni wa minyaa, ile miti yenye maziwa ya kuchoma macho. Hapo mtu anaweza kukata. Lakini upande huo kuna nyumba, kisha choo, kisha jiko, vimebana na ua kabisa. Pamebaki nafasi moja tu isiyo na kitu, hatua nne kwa hatua sita.

Haina kitu juu. Chini yake ndipo tulipomzika Mbinya. Kwingine kote ni mwamba, wachimbaji walijaribu mara tatu jembe likaruka, pale tu ndipo udongo ulikubali.

Nikasimama pale na panga. Sikuhisi kitu nikifikiria mbuzi wakipita juu yake. Nilifikiria tu kwamba nikate kwa chini ili maziwa yasinirukie machoni.

Kasyoka akaja mbio. "Kaka, wewe ni mzima? Hapo?"

"Ni hapo tu."

"Mbuzi wamkanyage mama ya bibi harusi?"

"Sema pengine, nikate."

Akatazama kote. Hakusema pengine.

Niliinua panga. Mti wa kwanza ukaanguka, maziwa yakaruka, nikafumba macho. Nilipoyafumbua Ndinda alikuwa mbele yangu, mgongo wake kwa ua, viatu vyake vipya juu ya kaburi. Karatasi ilikuwa mkononi.

"Toka, mwanangu. Jua linaenda."

"Baba, kuna kitu sikusoma pale nje."

"Utasoma baadaye."

"Kuna tarehe, ya mwaka mmoja kabla Mama hajafa. Sikuisoma kwa sababu ya watu." Sauti yake haikupanda. "Malori yalikuwa yakipaki mlangoni kabla ya karatasi hii?"

Nikapangusa panga kwenye suruali.

"Nauliza tu. Kabla ya wewe kuweka kidole, lori liliwahi kusimama mlangoni kwetu? Hata moja?"

Nilifikiria. Nilirudi nyuma mwaka kwa mwaka, nikitafuta lori. Hata moja la bahati mbaya. Hata la kuharibika.

"Ndinda, mtu wako anangoja."

"Najua ananingoja. Nijibu, kisha ukate. Ama usinijibu, na usikate."

Ng'ambo ya ua nikamsikia Mwangangi akisema neno na watu wake, na sikulipata kwa sababu ya upepo. Kisha nikasikia kwato za mbuzi zikitoka chini ya lori na kuanza kutembea. Nilitega sikio. Sikuweza kujua kama zinazunguka kuja upande wetu, ama zinarudishwa kwenye pikapu.

Ndinda hakugeuka kutazama. Alikuwa ananitazama mimi.